Ukisema "Ni Kweli"

Tulikuwa kumi na wanne kwenye benchi la korti, wengi tukiwa tumebebwa River Road usiku. Kabla hakimu hajaingia, karao mmoja alitupitia akinong'ona: "Semeni ni kweli, mlipe faini, mwende nyumbani." Mimi nilikuwa nimetoka kazini, naelekea steji ya Kawangware. Nikasomewa kufanya fujo hadharani. Nikasema ni kweli.

Nilidhani nimeponea. Kumbe ukishakiri hakuna shahidi atakayeulizwa lolote, na rekodi inaweza kukungoja mpaka siku unapoomba cheti cha tabia njema ili uandikwe kazi.

Mji huu umezoea kuzoa watu hivi. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kutembea na karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, wengi wakiining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kuiacha nyumbani lilikuwa kosa la jinai. Kwenye Sheria ya Adhabu nako wakaingizwa "wavivu na wenye fujo", maneno ya sheria ya uzururaji ya Uingereza ya 1824. Uhuru ulikuja 1963, bendera yao ikashushwa, lakini maneno hayo yakabaki kwenye kifungu cha 182.

Na mawakili je? Matatu ukipitia Hurlingham inakufikisha barabara ya Argwings Kodhek. Huyo ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa wakili Kenya, na wakati wa Hali ya Hatari alitetea washukiwa wa Mau Mau, siku ambazo kukutwa na risasi kungeweza kukunyongesha. Baada ya uhuru, serikali ililipia mawakili kwenye kesi za mauaji. Kesi ndogo, jitetee. Nadhani hapo ndipo tulipozoea kuamini kuwa wakili ni wa kesi kubwa.

Lakini kwenye kesi ndogo kila kitu huamuliwa kwa dakika chache, pale unapojibu. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema shtaka lielezwe kwa lugha unayoelewa, jibu liandikwe kwa maneno yako, kisha usomewe maelezo ya tukio na upewe nafasi ya kuyapinga. "Nilikuwa naelekea steji tu" ingenitosha. Nani angenikumbusha? Karao alitaka benchi liishe.

Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inakupa haki ya kuchagua wakili na kuambiwa mapema kuhusu haki hiyo. Serikali humlipia tu pale ambapo bila yeye kungetokea dhuluma kubwa, na 2017 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba haki hiyo haiji yenyewe. Faini ya elfu moja, manze, nani ataiita dhuluma kubwa?

Elfu yenyewe dadangu alinitumia kwa M-Pesa. Jioni akaniuliza nilifanya nini. Nikamwambia sikufanya kitu.

"Sasa mbona ulikubali?"