Hadithi za Kutungwa na Mafundisho ya Dini: Mfano wa Wametodisti

Siku moja tulikuwa tukiwafundisha watoto amri ya saba. Ili waielewe vema, tuliwasimulia habari za kijana aliyeiba mbuzi wa mjane, halafu akakosa usingizi mpaka alipomrudisha. Watoto walisikiliza kimya. Tulipomaliza, mmoja akauliza: «Mwalimu, kijana yule anakaa kijiji gani?» Tukamjibu kwamba hakai po pote, tumemtunga tu. Mtoto akasema: «Basi, mwalimu, umetudanganya.»

Wenziwe walicheka, lakini sisi hatukucheka sana. Je, tulikuwa tumefundisha amri ya saba kwa kuvunja ya nane? Swali hilo si la mtoto yule peke yake. Wakristu wa zamani walijiuliza vilevile, na katika hao Wametodisti walilihangaikia sana. Jirani zetu hao wako hata huku kwetu Kongo, maana walifika Katanga mwanzoni mwa karne ya 20. Tutazame basi walivyofanya, kwa kuwa mna fundisho kwetu pia.

Mwanzilishi wao, John Wesley, alizaliwa Uingereza mwaka 1703 akafa mwaka 1791. Alikuwa padri wa Kanisa la Kiangilikana. Mwaka 1743 aliwaandikia wafuasi wake kanuni za maisha, na mojawapo iliwakataza kusoma vitabu visivyowaongoza kumjua na kumpenda Mungu. Wengi waliielewa kanuni hiyo hivi: Biblia ni sawa, habari za kweli za watu wema ni sawa, lakini hadithi za kutungwa ni kupoteza wakati, tena ni uwongo. Mwaka 1778 Wesley alianzisha gazeti lake, na humo wasomaji walikuta habari za kweli za wahubiri, jinsi walivyoongoka na jinsi walivyokufa.

Lakini Wesley huyohuyo hakuzitupa hadithi zote. Mwaka uleule wa 1743 alifupisha na kuchapisha kitabu mashuhuri cha John Bunyan, kilichotoka kwanza mwaka 1678. Kinasimulia safari ya mtu mmoja aliyeuacha mji wake kwenda mji wa mbinguni, mzigo wa dhambi mgongoni. Bunyan hakuwa Mmetodisti, kwani alikufa kabla Wesley hajazaliwa. Yeye pia alijua kwamba watu watamlaumu kwa kufundisha kwa mifano, ndiyo maana alitanguliza maneno ya kujitetea mwanzoni mwa kitabu.

Tena, mwaka 1781, Wesley akiwa mzee, alichukua riwaya ndefu ya Henry Brooke, mtu wa Ireland, akaifupisha na kuipa jina jipya. Ni habari za mtoto wa mkubwa mmoja aliyelelewa kwanza na mlezi maskini, halafu na tajiri mwema aliyemzoeza kuwavika maskini na kuwahurumia walio taabuni. Wesley alikata sehemu nyingi alizoziona hazifai, akabakiza zile zinazogusa moyo. Mtu aliyewaonya watu wake juu ya vitabu vya bure ndiye aliyewapa riwaya ya kusoma! Alijua kwamba kumwambia mtu «Uwe na huruma» ni jambo moja, na kumwonyesha mtoto akimpa mwenzake nguo yake ni jambo jingine.

Hata hivyo, shaka haikwisha upesi. Huko Marekani, Edward Eggleston, aliyezaliwa Indiana mwaka 1837, alikuwa mhubiri wa Kimetodisti aliyezunguka kwa farasi toka kijiji hata kijiji. Katika ujana wake aliona kusoma riwaya kuwa jambo la hatari kwa roho. Lakini mwaka 1874 alitoa riwaya juu ya wahubiri wa namna ileile, akaeleza ushujaa wao bila kuficha udhaifu wao.

Uingereza nako, mwaka 1879, mchungaji wa Kimetodisti jina lake Silas Hocking alitoa kitabu kiitwacho Her Benny. Alikuwa ametumika katika mji wa Liverpool, akawaona watoto waliolala njaa barabarani. Alitunga habari za Benny na dada yake Nell, waliomkimbia baba mlevi wakaishi kwa kuuza viberiti. Nell anakufa. Benny anapata mateso mengi, lakini halisahau neno jema la dada yake, na mwishowe anakuwa mtu mwaminifu. Nakala zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Watu wengi ambao wasingesoma hotuba juu ya maskini walimlilia Nell, na waliofuta machozi hawakuweza tena kupita barabarani kama kwamba watoto wale hawapo.

Kufika hapa tungependa kusifu tu. Lakini Silas alikuwa na mdogo wake, Joseph Hocking, naye mchungaji na mtungaji wa riwaya nyingi. Katika baadhi ya riwaya zake waovu ni Wakatoliki: mapadri wenye hila, Wayezuiti wanaotega watu mitego. Wasomaji wake wengi hawakupata kuongea na padri hata siku moja. Walimjua kwa njia ya hadithi hizo tu, wakamwogopa.

Sasa tunaweza kumjibu mtoto wetu. Mwana mpotevu wa Injili naye hatuambiwi kijiji chake, na Bwana Wetu hakumdanganya mtu. Hadithi haiwi uwongo kwa sababu mtu wake hakuishi. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uwongo. Basi hadithi ya Benny, ambaye hakuishi, ilisema kweli juu ya watoto wa Liverpool. Hadithi ya padri mwenye hila, ambaye naye hakuishi, iliwasingizia mapadri walioishi. Zote mbili zimetungwa. Moja ni mfano, nyingine ni ushahidi wa uwongo.

Na sisi Wakatoliki je? Wakubwa wetu walitumia njia hiyohiyo. Kardinali Wiseman alitoa Fabiola mwaka 1854, juu ya Wakristu wa Roma walioteswa. John Henry Newman, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019, alitoa Callista mwaka 1855. Njia ni njema. Lakini tuungame: sisi wenyewe tumekwisha kusimulia vichekesho ambamo mlafi ni mchungaji wa Kiprotestanti siku zote, na mjinga ni mwumini wake. Watu walicheka, nasi tukaridhika. Tulikuwa tukifanya aliyoyafanya Joseph Hocking, tofauti ni kwamba hatukuchapa kitabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulituomba kuacha maneno yasiyowatendea haki ndugu zetu waliotengana nasi, na toka mwaka 1967 Wakatoliki na Wametodisti wana tume yao ya mazungumzo. Mazungumzo hayo yatafaa nini, ikiwa jioni kando ya moto tunabomoa kwa hadithi?

Basi, ndugu makatekista, nanyi wazazi, tusiogope kutunga. Lakini tukiisha kutunga, tujiulize: Je, aliye jirani yetu kweli akiisikia hadithi hii, atasema tumemtendea haki?

Jumapili iliyofuata tulimwita yule mtoto, tukamwambia: «Kijana mwizi wa mbuzi hana kijiji. Lakini mjane unamjua.» Alifikiri kidogo, akataja jina la bibi mmoja wa mtaa wao. Hakuuliza tena.