Kadi za mkopo kwa wanunuzi na wasafiri: zawadi, ada na swali la sarafu

Mfanyabiashara anayetoka Kigali au Bujumbura kwenda Dubai kununua nguo, vipuri au simu, anapotoa kadi yake mbele ya keshia katika maduka ya Deira, huulizwa swali ambalo wengi hulijibu bila kulifikiri: alipe kwa dirham au kwa dola? Jibu lake linaweza kumgharimu zaidi ya zawadi yoyote ambayo kadi hiyo itampatia kwa manunuzi hayo.

Kabla ya kulinganisha kadi moja na nyingine, yafaa kutofautisha aina zake, kwa kuwa kwa macho zinafanana. Kadi ya kawaida ya benki hutoa fedha zilizomo katika akaunti ya mteja papo hapo. Kadi ya malipo ya kabla hujazwa fedha kwanza, kisha ikatumika mpaka ziishe. Kadi ya mkopo ndiyo ya tatu: benki humlipia mteja, kisha mwisho wa mwezi humpelekea taarifa ya deni. Nembo ya Visa au Mastercard iliyo juu ya kadi haimwambii mtu ni ipi kati ya hizo. Nembo hiyo ni ya mtandao unaopitisha malipo. Ada, riba na zawadi huamuliwa na benki iliyotoa kadi. Katika ukanda wetu, kadi zilizo nyingi mikononi mwa watu ni za aina ya kwanza. Zile za zawadi kubwa zinazosifiwa na ndugu zetu walioko ng'ambo ni za aina ya tatu, na zimeota mizizi zaidi Marekani.

Huko ndiko zilikoanzia. Kadi ya Diners Club ilianza New York mwaka 1950, ikiwa kadi ya kulia chakula mikahawani na kulipa deni lote mwisho wa mwezi. Mwaka 1958 Bank of America iliwapelekea wakazi wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuziomba; kadi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Zawadi zilichelewa. Shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wake wa maili kwa abiria mwaka 1981, na miaka sita baadaye benki ya Citi ikatoa kadi iliyomwezesha mtu kupata maili kwa kununua mkate au mafuta ya gari, pasipo kupanda ndege. Katikati ya miaka hiyo, kampuni ya maduka ya Sears ilitoa kadi ya Discover, ambayo haikutoza ada ya mwaka na ilimrejeshea mteja sehemu ndogo ya fedha alizotumia.

Fedha za zawadi hizo hutoka wapi? Kila mteja anapolipa kwa kadi, muuza duka hapokei kiasi chote. Sehemu hukatwa na benki yake, na sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Nchini Marekani, gawio hilo la benki kwa kadi za mkopo linakaribia asilimia 2 ya bei kwa wastani, na ndilo linalogharimia pointi na maili. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo kwa kanuni ya mwaka 2015: asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo na asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida za benki. Ndiyo sababu mtu anayeishi Brussels au Paris hushangaa kusikia zawadi anazopata nduguye aliyeko Dallas. Benki ya Ulaya haina chungu kikubwa cha kuchotea.

Chungu hicho hujazwa na watu wote. Muuza duka anayekatwa asilimia 2 au 3 huiingiza katika bei, na bei hiyo hulipwa hata na mwenye noti mkononi. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 na Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya Boston ulikadiria kwamba kaya ya Marekani inayolipa kwa fedha taslimu hupoteza kwa wastani dola 149 kwa mwaka kwa njia hiyo, ilhali kaya inayotumia kadi hufaidika kwa dola 1,133. Asiye na kadi humchangia mwenye kadi tiketi ya ndege, wala hapelekewi shukrani.

Kwa upande wa anayenufaika, zawadi ni za namna mbili. Ya kwanza ni marejesho ya fedha, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya manunuzi, na hesabu yake haimsumbui mtu: dola 1,000 zilizotumika hurudisha dola 10 au 20. Ya pili ni pointi au maili, na hapa hesabu ina ukungu, kwa sababu thamani ya pointi huamuliwa na yule aliyeitoa, naye aweza kuibadilisha. Mwaka 2015 Delta iliacha kuchapisha jedwali lililoonyesha safari fulani inahitaji maili ngapi. Tangu hapo bei kwa maili hupanda na kushuka. Jambo hili linawagusa pia wasafiri wa ukanda huu. Kenya Airways imo katika muungano wa SkyTeam tangu mwaka 2010 pamoja na Delta, Air France na KLM, kwa hiyo maili zilizokusanywa Atlanta au Amsterdam zaweza kununua kiti cha kwenda Nairobi. Hata hivyo kodi na tozo za uwanja wa ndege hulipwa kwa fedha, na anayeweka maili zake kwa miaka mingi akingoja harusi ya nyumbani aweza kukuta hazitoshi tena.

Ada ya mwaka nayo haisimami mahali pamoja. Kadi ya Sapphire Reserve ya benki ya Chase ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa na ada ya dola 450, na wateja wapya waliahidiwa pointi 100,000. Mwaka 2020 ada ilipanda hadi dola 550, na mwaka 2025 ikafika dola 795. Kadi ya Platinum ya American Express ilipandishwa mwaka huo huo wa 2025 kutoka dola 695 hadi 895. Benki hujibu kwamba manufaa yameongezwa pia. Ni kweli, lakini mengi ni punguzo la bei katika hoteli, mikahawa na huduma zilizotajwa kwa jina, na punguzo katika mkahawa usioweza kuufikia halina thamani. Kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka kwenda kuwaona wazazi, kadi isiyo na ada ya mwaka wala ada ya malipo ya nje huwa na faida kubwa kuliko kadi ya chuma inayolia mezani.

Hesabu hizo zote huanguka pale deni linapobaki. Riba ya kadi za mkopo nchini Marekani imepita asilimia 20 kwa mwaka kwa wastani tangu mwaka 2023. Mtu anayebeba deni la dola 1,000 mwaka mzima kwa riba ya asilimia 21 hulipa takriban dola 210. Zawadi aliyoipata kwa dola hizo 1,000 ilikuwa 20. Tena, katika kadi nyingi, mteja asipolipa deni lote hupoteza ule muda usio na riba, na manunuzi mapya huanza kutozwa tangu siku ya ununuzi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inazitaka benki ziandike katika taarifa ya mwezi itachukua miaka mingapi kumaliza deni kwa kulipa kiwango cha chini tu. Ni mistari michache, na ndiyo inayostahili kusomwa kwanza. Kwa Waislamu wanaojiepusha na riba, kadi ya kawaida ya benki na ile ya malipo ya kabla huondoa suala hilo kabisa, ingawa ada za sarafu hubaki zile zile.

Ada hizo za sarafu ndizo zinazomuuma msafiri. Benki nyingi za Marekani hutoza takriban asilimia 3 kwa malipo yaliyofanyika nje ya nchi. Uingereza kiwango cha kawaida hukaribia hapo. Kadi inayorejesha asilimia 1.5 na kutoza asilimia 3 humpunguzia mtu asilimia 1.5 kila anapoitumia Mombasa au Dar es Salaam. Zipo benki zisizotoza ada hiyo, kama Capital One ya Marekani. Benki za ukanda wetu nazo zina viwango vyao, vilivyoandikwa katika orodha ya ada ambayo mteja ana haki ya kuiomba kabla ya safari. Mwenye akaunti ya faranga aulize pia kama malipo ya dirham yatapitia dola kwanza, kwa kuwa kubadilishwa mara mbili ni kukatwa mara mbili.

Sasa turudi kwenye swali la keshia. Mteja akichagua sarafu ya nchi aliyopo, mtandao wa Visa au Mastercard ndio unaobadilisha fedha kwa kiwango chake cha jumla, kisha benki yake huongeza ada yake ikiwa inayo. Akichagua sarafu ya kadi yake, kiwango hupangwa na benki ya duka au wakala wake, na nyongeza huingizwa humo kimya kimya. Dubai ni mahali rahisi pa kuligundua hilo, kwa sababu dirham imefungwa na dola kwa kiwango kimoja tangu mwaka 1997: dirham 3.6725 kwa dola. Mzigo wa dirham 10,000 kwa kiwango hicho ni dola 2,723. Mashine ikionyesha dola 2,850, tofauti ya dola 127 haikutokana na soko lolote la fedha. Ni nyongeza ya karibu asilimia 5. Tena baadhi ya benki huendelea kutoza ada ya malipo ya nje hata kama mteja alilipa kwa dola, kwa kuwa duka liko nje ya nchi.

Kanuni za mitandao hiyo zinataka mteja apewe hiari. Keshia asiyeuliza, akabonyeza mwenyewe, amekiuka, na mteja anaweza kumtaka aifute karatasi hiyo na kuanza upya kabla ya kutia sahihi au kuingiza namba ya siri. Mashine za kutolea fedha pia huuliza, mara nyingi kwa maneno yenye kutisha kidogo, kana kwamba anayekataa kiwango chao anajitia hatarini. Kukataa hakusimamishi muamala. Lakini kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo ni jambo la kuepukwa kwa vyovyote: kuna ada ya kutoa, na riba huanza siku hiyo hiyo.

Kuhusu kumbi za mapumziko viwanjani na bima za safari, machache yanatosha. Ukumbi huwa wa bure kwa mwenye kadi, lakini mgeni anayefuatana naye huweza kutozwa takriban dola 35, na familia ya watu watano huona tofauti. Bima, mara nyingi, hufanya kazi tu ikiwa tiketi ililipiwa kwa kadi hiyo hiyo. Faida isiyotangazwa sana ni ya dhamana. Hoteli na wakodishaji wa magari huzuia kiasi fulani cha fedha mpaka mgeni aondoke. Kwa kadi ya mkopo hupungua tu ukomo wa kukopa, bali kwa kadi ya kawaida huzuiwa fedha halisi za mtu, wakati mwingine kwa siku kadhaa baada ya kuondoka.

Katika nchi jirani, kadi imekuwa ya lazima mahali ambapo zamani noti zilitosha. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha viza na kuweka kibali cha kielektroniki kinacholipiwa kwa njia ya intaneti. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakihitaji, ila watoto wao wenye pasipoti za Ulaya au Marekani ni suala jingine. Hifadhi za taifa za Tanzania hazipokei fedha taslimu malangoni. Kwa upande mwingine, baadhi ya hoteli za Zanzibar huongeza asilimia 3 hadi 5 kwa anayelipa kwa kadi, jambo ambalo Uingereza ilipiga marufuku kwa wateja wa kawaida mwaka 2018. Na kwa wasio na kadi yoyote, Safaricom na Visa zilianzisha nchini Kenya mwaka 2022 kadi isiyo ya plastiki iliyounganishwa na M-Pesa, ambayo namba yake hupatikana ndani ya simu na fedha zake ni zile zilizomo katika akaunti ya mteja.

Limebaki suala la ulinzi. Sheria ya mikopo ya Uingereza ya mwaka 1974, kifungu cha 75, huifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa au huduma inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, hata kama muuzaji yuko nje ya nchi. Aliyelipia chumba Zanzibar kutoka Leicester, akakuta hoteli imefungwa, anaweza kuidai benki yake. Aliyelipa kwa kadi ya kawaida hana haki hiyo. Yeye, kama walivyo wenye kadi nyingi za ukanda wetu, hutegemea utaratibu wa mitandao wa kurudisha malipo, ambao kwa madai mengi una muda wa siku 120. Benki itataka risiti, barua za maombi kwa muuzaji na tarehe zake. Karatasi ya mashine hufifia wino, hivyo ipigwe picha siku ile ile ya ununuzi.