Mwaka Kidatu Ilipowashwa: Taarikh ya Kuigawa Kompyuta

Mwaka 1975, maji ya Mto Ruaha Mkuu yalipoanza kuizungusha mitambo ya Kidatu, chini ya milima ya Udzungwa, na umeme wake ukashika njia ya Dar es Salaam, Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kupiga marufuku, tangu mwaka uliotangulia, uingizaji wa kompyuta kutoka nchi za nje. Nguvu ya kuziendesha ilipatikana, ilhali zenyewe zimefungiwa mlango. Katazo hilo halikuzuka bila ya sababu: kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hesabu za serikali zilipokuja kukabidhiwa mashine, hasara ilikuwa kubwa kuliko faida, kwa kuwa wataalamu walikuwa haba na mpango haukutangulia ununuzi.

Mwaka uleule wa 1974, jambo ambalo hunitia huzuni kila nilifikiripo, Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha huko Marekani masharti ambayo kompyuta ikiyatimiza huweza kugawanywa ikawa kompyuta kadhaa, kila moja ikifanya kazi mithili ya iliyo peke yake. Maarifa yenyewe yalikuwa yamekwisha kujaribiwa Cambridge, Massachusetts, ambako wataalamu wa IBM waliuanzisha mfumo wa CP-40 mwaka 1967. Na mwaka 1972 kampuni hiyo ikawatangazia wateja wake VM/370, ambamo hata diski moja kubwa ilikatwa vipande, na kila mtumiaji akakiona kipande chake kuwa ni diski kamili. Mashine za zama zile zilikuwa ghali mno, wala hapakuwa na tajiri aliyeridhia kuiacha yake ikae bure nusu ya siku. Elimu hii, basi, ilizaliwa na uhaba, na uhaba ndio uliokuwa tele kwetu. Waliostahili kuipokea mapema kuliko wote walikuwa sisi.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. AS/400, seva ya biashara iliyotoka mwaka 1988, ilipata uwezo wa kugawanywa sehemu mwaka 1999, na mwaka huohuo VMware ikauza programu ya kuigawa hata kompyuta ya mezani.

Upande wa hifadhi, safari ilikwenda kinyume: badala ya kukata kikubwa, vidogo viliunganishwa. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley walionyesha jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kutumika kama diski moja, na moja ikiharibika data isipotee. Mkaazi wa Kidatu hana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Ziwa la Kidatu ni dogo. Akiba kubwa imo Mtera, bwawa lililokamilika mwaka 1980, ambamo Ruaha Mkuu na Kisigo hukutana, na mtambo hauulizi tone hili limetoka mto upi. Walakini ukame wa miaka ya 1990 uliishusha Mtera, na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Hatari hiyohiyo humwandama msimamizi wa seva anayeziahidi idara zake nafasi kubwa kuliko diski alizonazo, akitumaini kwamba hazitaidai zote kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mpango hutangulia. Biashara kama ya miwa ya Kilombero ina mizani, vipimo vya sukari, malipo ya wakulima, mishahara na ghala. Apangaye sehemu za seva hana budi kuuliza kwanza ni kazi ipi isiyovumilia kungoja: katika msimu wa kusaga, malori yakiwa foleni, sehemu ya mizani iwekewe kumbukumbu na nguvu yake ambayo hesabu ya mishahara haitaigusa asilani, hata ikiwa ni mwisho wa mwezi.

Huko Ifakara, ambako tangu mwaka 1996 watafiti wa afya wamekuwa wakizirudia kaya za Kilombero na Ulanga kuandika vizazi, vifo na wahamaji, thamani ya kumbukumbu huongezeka kila duru, wala haiwezekani kurudi nyuma kuzikusanya upya. Data ya namna hiyo haitoshi kunakiliwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine ya seva ileile, kwa kuwa chuma kikiungua, sehemu zote huungua nacho. Nakala yake sharti ikae katika mashine nyingine, ndani ya jengo lingine.