Mastaa 15 Bila Majina: Siku Makocha wa Judo Japani Walipoambiwa Wakasome

Desemba 2012, kamati ya Olimpiki ya Japani ilipokea malalamiko kutoka kwa wanajudo wa kike 15 wa kiwango cha timu ya taifa. Walidai kocha wao anawapiga makofi, anawachapa na fimbo ya mianzi na kuwalazimisha kushindana wakiwa majeruhi. Januari 2013 ishu ikalipuka, kocha akajiuzulu. Wadada wakatoa tamko kupitia wakili, majina hakuna. Agosti rais wa shirikisho, mwenyewe bingwa wa Olimpiki wa 1976, naye akaachia ngazi, maana skendo ya fedha za ruzuku ilikuwa imeongezeka juu.

Hapo ndipo dunia iliposhtuka. Lakini kuna wazazi Japani walikuwa wanalia kitambo.

Mtafiti mmoja wa chuo kikuu alikaa na kumbukumbu za ajali za shuleni kuanzia 1983, akahesabu: zaidi ya watoto 100 wamekufa kwenye judo ya shule katika miaka kama 30. Wengi walikuwa wa mwaka wa kwanza, hata kuanguka bado hawajajua. Inakuwaje? Kuna mtupo unaitwa osotogari, mguu unafagiliwa kwa nyuma, unaenda chali kwenye mkeka (sio ule wa kubeti, tulia). Usipokunja kidevu, kichwa kinachapwa nyuma kwa nguvu, mishipa midogo kati ya ubongo na fuvu inakatika, damu inavujia ndani. Mtoto anasema kichwa kinauma. Kocha asiyejua dalili anamrudisha mazoezini, anaona ni uvivu tu.

Mwaka 2010 familia za wahanga zikaunda chama chao. Cha ajabu, Aprili 2012 serikali ikafanya sanaa za mapigano kuwa somo la lazima kwa shule za kati, na shule nyingi zikachagua judo.

Sasa makocha walikuwa akina nani? Watu wenye mkanda mweusi, basi. Mkanda mweusi unasema unajua kurusha mtu. Kufundisha mtoto wa miaka 12 ni kazi nyingine kabisa, na mimi naona hapo ndipo Japani ilijidanganya muda mrefu, labda kwa sababu judo ni yao tangu 1882. Nani angewafundisha wenyewe?

Ufaransa ilikuwa imeshamaliza huo mjadala zamani. Sheria ya Novemba 1955 ilisema hufundishi judo bila diploma inayotambuliwa na serikali. Na mwalimu wa Kijapani aliyefika Paris 1935 alikuwa ameeneza mikanda ya rangi, kwa hiyo mtoto anapanda taratibu, njano, chungwa, kijani, ana kitu cha kufukuzia bila kuumiza mtu. Leo wana wanachama zaidi ya 500,000, Japani haifiki 200,000. Na Ufaransa haikuwa na orodha ya misiba kama ile. Familia za Japani zilikuwa zinaitaja kila mara.

Mwaka 2013 shirikisho la Japani likaanzisha leseni za makocha kwa madaraja, A, B na C. Kama miaka 130 baada ya judo kuzaliwa, jamani!

Kuna waliosema ukilea watoto kiulaini medali zitapotea. Sawa. Fainali ya timu mchanganyiko, Tokyo 2021: Ufaransa 4, Japani 1, tena nyumbani kwao. Paris 2024 wakarudia, 4 kwa 3.

Machi 2022 Japani ikafuta ubingwa wa taifa wa mmoja mmoja kwa watoto wa shule ya msingi. Vitoto vya darasa la tano vilikuwa vinajinyima chakula vipungue kilo, wazazi wanamfokea mwamuzi pembeni ya mkeka. Wazazi hao hao ndio walionuna mashindano yalipofutwa.