Foto za zamani za barabara kubwa ya Kalemie: tuzisome namna gani?



Tangu ziwa lipande tena, foto za zamani za Albertville zinapita kwenye simu zetu kila siku. Tunaona barabara kubwa, ile tunayoiita leo avenyu Lumumba, nyumba zenye barza, baiskeli, motokari mbili tatu, na pembeni Tanganyika imetulia. Mtu anaandika chini yake: « Muangalie muji wetu vile ulikuwa muzuri! », na maneno yanaishia hapo. Kwa sisi tuliorudi haifai yaishie hapo. Foto ya barabara inaweza kutusaidia, tukijua kuisoma.

Tuanze na umri wake, maana nyingi zinatembea bila tarehe. Mji ulianzishwa na kapiteni Jules Jacques mwisho wa mwaka 1891, lakini kituo kile cha askari hakikuwa bado na barabara ya kupigwa foto. Kilicholeta barabara ni reli. Mwaka 1915 gari la moshi lilifika ziwani kutoka Kabalo, na ng'ambo ya pili, Kigoma, reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kufika mwaka 1914. Mizigo ikawa inavuka kwa meli. Magazini yakapangana karibu na bandari na stesheni, na kwa sababu mlima unasukuma mji kwenye maji, barabara ikawa moja, ndefu na nyembamba.

Ukiona jina Albertville kwenye stesheni, foto kwa kawaida ni ya kabla ya 1966. Ukiona majina ya Wagiriki na Wahindi juu ya milango, mara nyingi ni kabla ya tarehe 30 Novemba 1973, siku Mobutu alipotangaza zairianizasio na biashara za wageni wakapewa wananchi. Baada ya hapo mbao zilipakwa majina mengine. Rangi mpya, rafu tupu: wazee wanajua ninachosema. Lakini tusikate haraka haraka, ubao mzee unaweza kubaki ukutani miaka mingi baada ya mwenyewe kuondoka.

Sasa geuza macho upande wa maji. Hapa ndipo foto hizi zina faida kuliko zote.

Ziwa letu halikai mahali pamoja. Muingereza Cameron alipopita mwaka 1874, mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na majani. Mwaka 1878 kizuizi kilikatika, maji yakatoka kwa nguvu kwenda Lualaba, na ziwa likashuka miaka mingi mfululizo. Kwa hiyo Wabelgiji walipofika na kuanza kujenga, walikuta ufuko ambao miaka kumi na mitano mbele ulikuwa chini ya maji. Hakuna aliyewauliza wenyeji. Halafu zikaja mvua kubwa za 1961, ziwa likapanda mpaka 1964. Ule ulikuwa pia mwaka wa Simba: watu wa Soumialot waliingia mjini mwezi wa Juni, wakatolewa mwisho wa Agosti. Ndiyo maana wazee wengi wanachanganya maji na vita katika habari moja. Hawakosei, vyote viliwafukuza.

Baadaye maji yalishuka pole pole. Mchanga ulirudi, watu wakajenga juu yake, watoto wakazaliwa mule, na kila mtu akaona kwamba ni inchi kavu ya siku zote. Kisha miaka hii, tangu 2020 hivi mpaka mafuriko ya 2024, ziwa limekuja kuchukua mahali pake, Kalemie, Baraka na Uvira pia.

Kwa hiyo mwanamemba aliyerudi kutoka Lugufu au Nyarugusu anaweza kukuta mambo mawili kwenye parseli ya baba yake: mtu mwingine, au maji. Sheria ya Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na mbele ya tribunali foto haishiki nafasi ya sertifika. Lakini foto ya mwaka 1958 inayoonyesha ukuta, mti wa mwembe na umbali mpaka ufukoni inasaidia mashahidi kukumbuka kitu kilekile, na inasaidia mtu anayetaka kujenga upya asijenge tena mahali ambapo ziwa limekwisha kufika.

Kuna shida moja kubwa. Hizi foto hazikupigwa kwa ajili yetu. Nyingi zilikuwa kadi za posta za kutumwa Ulaya. Nyingine zilitoka Inforcongo, ofisi ya habari ya koloni, na leo zinatunzwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Zilitaka kuonyesha maendeleo. Mtu mweusi yumo, anasukuma toroka au anafagia, lakini jina hana. Mahali wazazi wetu walipolala, kule cité, pametengwa na mji wa wazungu, na mpiga foto alienda kule mara chache. Ukitafuta barabara kubwa utapata mia. Ukitafuta avenyu ya nyumba yenu, pengine hakuna hata moja.

Hizo tunazo sisi, kidogo. Zilipigwa na wapiga foto wa mtaani: arusi, ubatizo, baba na baiskeli mpya. Nyingi ziliungua au kubaki njiani mwaka 1996 na 1998. Zile zilizovuka ziwa ndani ya bahasha, zikakaa kambini, zikarudi, tunaziomba sasa.

Namna ya kufanya: usiandike kwa biki upande wa nyuma, inapenya; tumia kalamu ya risasi na usikandamize. Andika nani yumo, avenyu gani, karibu mwaka gani, na mpiga foto alikuwa anaangalia wapi, mlimani au ziwani. Foto ikiwa imeshikamana na kioo, usiibandue, ilete na kioo chake. Karani ataipiga kwa simu mbele yako, kivulini, na utarudi nayo nyumbani siku ileile.