Paka wa Nyumba Haingwa

Nairobi ukitaka kumtafutia paka makao, kuna masoko mawili, na hayafanani hata kidogo. Soko la kwanza ni la vituo vya kuhifadhi wanyama. Huko watu huja wakitaka kitoto cha paka, kile cha kutosha kwenye viganja viwili. Paka mzima wa miaka minne au mitano hubaki kizimbani akiangalia wenzake wakibebwa. Soko la pili halina ofisi. Liko kwenye ploti za Kibera na Kawangware, na huko mambo ni kinyume: kitoto cha paka ni mdomo mwingine wa kulishwa, paka mzima ni mfanyakazi. Hakuna anayeuliza umri wake. Watu huuliza, "Anashika panya?"

Sasa hebu fikiria. Upande mmoja kuna paka wazima ambao hawatakiwi, upande mwingine kuna watu wanaowataka hao hao wazima. Kwa nini hawakutani? Nimelifuata swali hilo kwa muda, na kila nikilifuata linanirudisha kwa panya, na kwa mji wenyewe ulivyozaliwa.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka mitatu baadaye, 1902, tauni ikaingia, na wakubwa wa mji wakaamua kuichoma moto Bazaa ya Wahindi. Tauni huletwa na viroboto wa panya, lakini waliopoteza nyumba walikuwa watu. Mwaka 1908, daktari mmoja wa serikali ya kikoloni kule India, Andrew Buchanan, aliandika kwenye British Medical Journal kwamba paka ni kinga dhidi ya tauni, na kwamba vijiji vyenye paka wengi vilikuwa na nafuu. Nairobi ilipomleta mtaalamu wake, Profesa W. J. Simpson, mwaka 1913, yeye alipendekeza kitu kingine: kila rangi ya watu ikae mtaa wake. Kwa ufupi, Nairobi haikuchagua paka, ilichagua mpaka.

Miaka hiyo hiyo, mwaka 1910, kilianzishwa chama cha kuwatetea wanyama ambacho leo tunakijua kama KSPCA, na makao yake yako Karen. Chama kama hicho kimeokoa wanyama wengi, na simlaumu mtu. Ninachosema ni kwamba wazo la "makao mema" ya mnyama, katika mji huu, lilikua kwenye nyumba yenye ua, geti, na mwenye nyumba anayejulikana kwa karatasi.

Kibera haikupewa karatasi hiyo. Askari wa Kinubi wa King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, walianza kukaa pale mwanzoni mwa karne ya 20, wakaita msitu ule Kibra, neno la Kinubi lenye maana hiyo hiyo ya msitu. Mwaka 1918 eneo likatangazwa kuwa ardhi ya jeshi, ekari zaidi ya 4,000. Waliruhusiwa kukaa, hawakupewa umiliki. Hati ya kwanza ya jamii ya Wanubi, ya ekari 288, ilitolewa Juni 2017. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Kawangware ni hadithi nyingine. Ilikuwa nje ya mpaka wa jiji, upande wa Dagoretti, kwenye mashamba ya Wakikuyu, na jiji likaimeza lilipopanua mipaka yake mwaka 1963. Ndiyo maana Kawangware utakuta landilodi mwenye hati ya shamba la babake, na kwenye ukuta wa ploti kuna sheria: maji hufungwa saa fulani, kodi ni kabla ya tarehe tano, wanyama hawaruhusiwi.

Kwenye mitaa yote miwili, lakini, kuna desturi ambayo haijaandikwa popote. Mtu akihama ama akirudi ushago, paka hurithiwa. Jirani hukuambia, "Mimi naenda, huyu nakuachia." Akipelekwa ploti nyingine hubebwa kwenye gunia asione njia, anafungiwa ndani siku kadhaa, anapewa omena, mpaka akili yake ikubali mlango mpya. Hakuna fomu. Dhamana ni kwamba mtoaji anamjua mpokeaji, na siku yoyote anaweza kupita aulize, "Paka yuko?"

Desturi hiyo huvunjika mtaa ukivunjwa. Tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na takriban watu 30,000 wakabaki bila makao. Mbwa humfuata mtu. Paka hufuata nyumba. Nilipopita wiki ile, watu walishaondoka na mabati yao mkokoteni kwa mkokoteni, na paka walikuwa bado wamekaa juu ya vifusi, kila mmoja palipokuwa na jiko lake.

Mmoja wao alikuwa wa jirani ya rafiki yangu, jike la mistari, mzima kabisa. Mwenyewe alikuwa amekimbilia kwa dadake Siaya. Wasamaria wakampeleka paka kwenye kituo. Akachanjwa, akahasiwa, akakaa. Miezi mitano baadaye bado alikuwa pale, na mimi, juu sikuwa na kazi ya kudumu na miguu ninayo, nikaombwa nimtafutie mahali.

Nilianza Kawangware. Nilimpata mama mboga aliyekuwa akipoteza viazi kila usiku kwa panya. Alishajaribu dawa ya wale wanaopita na spika wakitangaza panya, mende, kunguni. Akaacha aliposhtukia mtoto wake ameiokota. Alimtaka paka kesho yake. Fomu ya kituo ikataka barua ya landilodi. Mzee akanisikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Kijana, mtu akiingia na paka mimi sijaona. Lakini barua siandiki. Nikimwandikia huyu, kesho mwingine ataniletea mbuzi." Kwa mdomo ilikuwa ndiyo, kwa karatasi ilikuwa hapana.

Nikavuka Ngong Road nikarudi Kibera, Makina, kwa nyanya mmoja wa Kinubi. Babake alizaliwa pale pale, naye pia. Kwao paka si najisi; hupita hata mbele ya mswala na hakuna anayemfukuza. Nikamsomea fomu.

"Haboba, wanauliza mwenye nyumba ni nani."

"Ni mimi."

"Wanataka barua ya kuonyesha."

Akacheka. "Mjukuu wangu, barua hiyo babangu aliingoja mpaka akafa. Huyo paka ataingoja?"

Kituo nacho kilikuwa na sababu zake. Mwezi mmoja tu kabla ya ubomoaji, mwanamume alikuwa amefungwa Nakuru kwa kuchinja paka na kuuza nyama yake kama ya sambusa. Mtu anayetoa mnyama ana haki ya kujua anampa nani. Lakini barua ya landilodi haiwezi kukujulisha hilo. Nikaomba wafanye kinachofanywa kwenye ploti: waje waone, wakae, wanywe chai. Walikuja wawili. Waliangalia ua uliofungwa kwa mabati, wakauliza majirani, wakaandika pale kwenye nafasi ya barua: "Mwenyeji anajulikana na majirani." Jumamosi iliyofuata paka akaenda, ndani ya kikapu badala ya gunia.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Methali hiyo huchukulia kwamba nyumba ipo, na kwamba mwenye nyumba naye hafukuzwi. Nairobi imekuwa ikivunja sharti hilo tangu 1902, kwa moto, kwa ramani, kwa matingatinga. Kama vituo vinataka paka wao wazima watoke vizimbani, wateja wako Kibera na Kawangware, na wamekuwa huko miaka mia moja. Wanachohitaji ni mtu wa kuwauliza majirani wao, maana karatasi anayo aliyepewa, na makao wanayajua wanaoishi mlango wa pili.