Jinsi ya kuchagua makala za utafiti wa lugha na tarakilishi: Mwongozo kwa wasomaji wa Kericho na Bomet

KIKUNDI cha kusoma makala za utafiti ni mkutano wa watu wachache, aghalabu wanafunzi na wahadhiri wao, wanaokubaliana kusoma makala moja kabla ya siku fulani kisha wakaijadili pamoja. Katika taaluma ya uchakataji wa lugha asilia, yaani taaluma inayoiwezesha tarakilishi kutafsiri, kunakili usemi na kujibu maswali kwa lugha za binadamu, vikundi vya aina hii huwafikisha wanafunzi pale ambapo mtaala haujafika.

Makala zenyewe hazina uhaba. Hifadhi ya Chama cha Isimu Tarakilishi, ACL, ina zaidi ya makala 100,000 ambazo yeyote anaweza kuzisoma bila malipo. Hifadhi ya arXiv, iliyoanzishwa mwaka 1991, hupokea nyingine mpya karibu kila siku, ingawa nyingi kati ya hizo huwekwa huko kabla ya kupitiwa na wahakiki. Kazi iliyobaki ni kuchagua, na hapo ndipo vikundi vingi hukwama.

Desturi iliyozoeleka ni kuanza na makala mashuhuri kuliko zote. Tangu mwaka 2017, hiyo imekuwa ile ya Ashish Vaswani na wenzake saba, iliyoleta muundo unaoitwa transfoma. (Jina hilo halihusiani na transfoma za stima ambazo wakazi wa vijijini huzilalamikia msimu wa mvua.) Karibu mifumo yote mikubwa ya lugha ya leo imejengwa juu ya muundo huo, kwa hivyo hakuna anayeweza kuikwepa makala hiyo daima.

Hata hivyo, haifai kuwa ya kwanza. Majaribio yake makuu yalihusu tafsiri kutoka Kiingereza hadi Kijerumani na Kifaransa. Jozi za sentensi zilizotumika zilikuwa takriban milioni 4.5 kwa Kijerumani na milioni 36 kwa Kifaransa, na mfumo mkubwa ulifunzwa kwa siku tatu na nusu kwenye vichakataji vinane vyenye nguvu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga, au wa chuo kikuu kilichoko Bomet, ambaye hajui Kijerumani wala hana mitambo hiyo, hana namna ya kuyapinga matokeo. Atayakubali tu. Kikundi kinachokubali kila kinachokisoma hugeuka kuwa darasa la kukariri.

Kigezo bora ni kuchagua makala ambayo tatizo lake wanakikundi wanaweza kulikagua kwa masikio yao wenyewe. Katika nchi ya majani chai, kuanzia Kapsoit na Litein hadi Kaplong na Sotik, masikio hayo yanakijua Kikipsigis, mojawapo ya lahaja za Kikalenjin. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya Wakalenjin milioni 6.3, na takriban milioni 1.9 kati yao walijitambulisha kuwa Wakipsigis. Hiyo si lugha ndogo. Lakini maandishi yake kwenye intaneti ni machache, na mifumo ya tarakilishi huishi kwa kutegemea maandishi.

Lugha hiyo pia ina ugumu ambao haumo katika vitabu vya Ulaya. Maandishi yake ya kawaida hutumia herufi tano za irabu, ilhali katika usemi kila mojawapo ina sauti mbili zinazotofautishwa na mkao wa mzizi wa ulimi, na kila sauti huweza kuwa fupi au ndefu. Toni haiandikwi kabisa. Kitenzi hutangulia katika sentensi, na kwa kuwa mpangilio wa mtenda na mtendwa unaweza kubadilika, mara nyingi ni toni inayomwambia msikilizaji nani alimpiga nani. Msomaji Mkipsigis hujaza pengo hilo kwa akili na muktadha. Tarakilishi itajazaje?

Swali hilo peke yake linatosha kuongoza uchaguzi wa miezi mitatu. Kabla ya kugusa makala za tarakilishi, kikundi kitafaidika kwa kusoma isimu ya lugha yenyewe. Dkt Taaitta Toweett, mwanasiasa na msomi wa Kericho, alichapisha kitabu chake kuhusu isimu ya Kikalenjin mwaka 1979. Mwaka 2019 Maria Kouneli aliandika tasnifu ya uzamifu kuhusu nomino za Kikipsigis katika Chuo Kikuu cha New York. Mwaka huohuo Madeline Bossi na Michael Diercks walichapisha makala kuhusu mpangilio wa maneno katika lugha hiyo. Anayejua kwamba ‘lakwet’ (mtoto) huwa ‘lagok’ katika wingi ataona mara moja kwa nini mfumo unaokatakata maneno kwa mazoea ya Kiingereza huenda usitambue kwamba hayo ni maumbo mawili ya neno moja.

Kisha ije makala ya mwaka 2006 ya Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Guy De Pauw na Pauline Githinji. Watafiti hao walikabili tatizo linalofanana na hili katika Kikikuyu: watu huandika i na u pasipo alama zinazotofautisha ĩ na ũ. Badala ya kutegemea kamusi kubwa, waliifunza tarakilishi kukisia alama inayokosekana kwa kutazama herufi za jirani. Ni makala fupi, ya zamani kwa vipimo vya taaluma hii, na mbinu yake inaweza kujaribiwa kwenye kipakatalishi cha kawaida. Kwa maoni ya mwandishi huyu, inamfaa anayeanza Kericho kuliko nyingi za miaka ya karibuni.

Ya tatu inapaswa kuwa ya kuamsha shaka. Julia Kreutzer na wenzake walichapisha mwaka 2022 ukaguzi wa hazina 205 za maandishi zilizokusanywa kutoka mtandaoni kwa lugha mbalimbali. Waligundua kwamba angalau 15 kati yake hazikuwa na maandishi yoyote yanayofaa, na katika nyingine nyingi sentensi zenye ubora hazikufika nusu. Ukaguzi huo ulifanywa kwa kusoma sampuli za sentensi kwa macho, kazi ambayo wanakikundi wanaweza kuiiga alasiri moja kwa kufungua maandishi yoyote yanayodaiwa kuwa ya Kikalenjin na kuhesabu yapi ni ya kweli.

Makala za majirani nazo zina nafasi. Mradi wa Kencorpus, ulioelezwa katika makala ya mwaka 2022, ulikusanya matini 4,442 zenye maneno takriban milioni 5.6, pamoja na saa 177 za sauti, katika Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Jambo la kuzingatia hapo ni kwamba Kiluhya kiligawanywa kwa lahaja: Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Je, Kikalenjin kigawanywe vivyo hivyo, au Mkipsigis, Mnandi na Mkeiyo wawekwe katika kapu moja? Mjadala huo ukianza, mwenyekiti na ajiandae kwa kikao kirefu.

Makala ya MasakhaNER ya mwaka 2021, iliyoandikwa na watafiti wa mtandao wa Masakhane, inahusu kutambua majina ya watu, mahali, mashirika na tarehe katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili na Dholuo zikiwemo. Matini za Dholuo zilitokana na habari za redio ya Ramogi FM. Kikalenjin nacho kina redio zake, Kass FM na Chamgei FM. Wanakikundi wanaweza kupima kama mfumo uliofunzwa kwa Kiswahili utatambua kwamba Kapkatet ni mahali, na kwamba ‘arap’, japo huandikwa kwa herufi ndogo, ni sehemu ya jina la mtu.

Wapo watakaouliza faida yake kwa mkulima. Taasisi ya Utafiti wa Chai ya KALRO iko Kericho, na ushauri wa kilimo ukifika kwa sauti, katika lugha ya nyumbani, humfikia hata asiyesoma. Lakini eneo hili lina sababu ya kuwa na tahadhari. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho, wakati wa maandamano ya waliohofia ajira zao. Kwa hivyo katika kila makala inayohusu ukusanyaji wa sauti au matini, kikundi kitazame waliotoa sauti hizo ni nani, walilipwa nini na nani anamiliki hazina hiyo leo. Makala isiyojibu hayo inafaa kusomwa pia, ila kama mfano wa upungufu.

Maswali hayo yamekuwa ya haraka zaidi tangu mwaka 2025, mradi wa African Next Voices ulipotangaza takriban saa 9,000 za sauti katika lugha 18 za Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Kikalenjin ni mojawapo ya lugha za upande wa Kenya.

Kuhusu utaratibu, makala moja kila wiki mbili inatosha. Mtu mmoja apakue nakala na kuwagawia wenzake, kwa kuwa bando ni ghali. Anayependekeza makala aisome kwanza sehemu ya data na majedwali ya matokeo kabla ya muhtasari, maana muhtasari huandikwa kwa kusifia. Iwapo data haipatikani na hakuna mwanakikundi anayeijua lugha iliyochunguzwa, makala hiyo isubiri. Ile ya Vaswani inaweza kuletwa mezani kikao cha saba au cha nane.